Chui wa Mshono Mara Mbili

Ngozi ya chui ilitundikwa sebuleni kwa Mama Uzi, juu ya cherehani lake, na kila mgeni aliyeketi alisimuliwa habari zake kabla hajapewa maji. Kwamba baba mkwe wake, enzi za ujana, alikutana na chui penye jiwe kubwa kule porini, wakakamatana mieleka tangu jua kuchomoza hadi jua la utosi, na chui akafa kwa kukabwa koo. Mgeni akiuliza kwa nini chui mwenyewe ana kifua kipana kama cha mbuzi, alipewa maji haraka.

Mama Uzi alikuwa na watoto wawili wa kiume. Mkubwa alitengeneza saa, wakamwita Fundi Saa, ingawa hakupata hata siku moja kufika mahali kwa wakati. Mdogo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na hata mtu akipiga chafya alimsahihisha. Baba yao alipofariki wakaanza kugombania ngozi. Mkubwa alisema ni yake, ndiye kifungua mimba. Mdogo alisema ni yake, ndiye aliyechukua sura ya babu. Basi miaka miwili hawakusemezana. Wakija kumwona mama yao walikaa huyu kulia kwa cherehani, huyu kushoto, na kumgeuza yeye tarishi.

"Mama, mwambie mwanao anisogezee sukari."

"Mama, mwambie mwanao mikono anayo."

"Nilizaa watoto," Mama Uzi alinung'unika, "kumbe nilifungua posta." Hakuwa akiomba makubwa tena duniani. Alitaka tu awasikie wakiitana kabla hajafumba macho.

Jumapili moja Mwalimu akasema, "Mama, mwambie mwanao tuikate ile ngozi katikati, yaishe."

"Mwambie nimekubali," akajibu Fundi Saa. "Kichwa changu."

Jambo la kwanza kukubaliana kwa miaka miwili, na ndilo hilo ambalo Mama Uzi hakulitaka. Maana kilichokuwa chini ya bitana ya ngozi ile alikijua yeye na Mungu wake. Na Fundi Saa alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye mkasi.

"Wee! Weka chini!" Mama Uzi akaruka na miaka yake sabini. "Babu yenu aliniusia. Ngozi ikizua ugomvi isikatwe. Irudishwe jiweni ikazikwe, na waibebe haohao waliogombana."

"Mbona hukutuambia siku zote?"

"Ningewaambia saa ngapi? Kutwa nafikisha salamu zenu."

Wasia wenyewe ulikuwa na umri wa nukta tatu, lakini wasia ni wasia.

Jumamosi wakashuka basi mahali lami ilipokoma, wakaingia porini. Mwalimu mbele na panga, Mama Uzi katikati na kapu la mkate na ndizi, Fundi Saa nyuma na ngozi mgongoni.

"Mama," Mwalimu alisema bila kugeuka, "mwambie mwanao hapa kuna siafu."

Mama Uzi akasimama, akapumua, akageuka taratibu. "Mwanangu, mwenzako anasema kuna..."

Fundi Saa alikuwa ameshaanza kucheza ngoma isiyo na mpigaji. "Mwambie habari zake zimechelewa!" akapiga kelele akijichapa mapaja.

"Anasema zimechelewa."

"Mwambie nimesikia!"

"Sasa kama mnasikiana, mimi hapa katikati nafanya nini?"

Mvua ikaja bila hodi, ikawatwanga mpaka walipofika chini ya jiwe, ndipo ikakoma. Fundi Saa akatua ngozi. Mwalimu akamtazama mgongoni, akatazama ngozi, akatazama tena mgongo. Shati jeupe la Fundi Saa lilikuwa na madoadoa, na ngozi ilikuwa imebaki nayo matatu. Chui alikuwa amehama.

Mwalimu akagusa doa kwa kidole, akanusa. "Rangi ya viatu."

Akaipindua ngozi, akafumua bitana kwa ncha ya panga. Ngozi mbili za mbuzi, zimeunganishwa kwa mshono mara mbili, umenyooka kama reli.

"Mama, huyu chui alikuwa na cherehani?"

Mama Uzi alikuwa akiangalia mawingu.

Lakini Fundi Saa alikuwa ameinamia bitana. Kaki iliyopauka, na mfuko wenye kiraka cha buluu.

"Kaptula yangu! Ya darasa la tatu!" Akamgeukia Mwalimu uso kwa uso. "Wewe ulisema nimeiacha mtoni, nikachapwa!"

"Nilisema nilivyodhani! Na mimi nilichapwa kwa kukucheka!"

"Wewe fimbo moja, mimi nne!"

"Tatu! Nilikuwa nahesabu!"

Mama Uzi alibana pumzi kama mtu aliyeona kuku anaatamia. Hakuna aliyesema "mwambie mwanao". Ila furaha ya mwizi haidumu, wote wawili wakakumbuka kwa pamoja ni nani aliyeshika ile fimbo.

"Shangazi zenu walikuwa wanakuja," Mama Uzi akaanza. "Ngozi imejikunja. Nikaipiga pasi."

"Pasi ya mkaa? Mama!"

"Mshonaji akiona makunyanzi afanyeje? Ikanywea ikawa kama soksi. Babu yenu akanikuta nalia. Akasema, nyamaza mwanangu, hata hiyo niliinunua. Chui nilimwona kweli, yeye juu ya jiwe, mimi juu ya mti, siku mbili. Namshukuru Mungu, aliyechoka kwanza ni chui."

Kabla hawajaamua wacheke au walie, nyani wakateremka jiweni, kundi zima, na dume lao likadaka kapu. Mama Uzi hakuachia.

"Niachie, mwana wa balaa! Mkate wangu huu!"

Nyani akavuta, Mama Uzi akavuta, na miguu yake ikaanza kuteleza kuelekea korongo lililokuwa kando ya jiwe.

"Kaka!" Mwalimu akapaza sauti. "Shika mkia!"

Neno "kaka" lilikuwa halijamtoka kwa miaka miwili. Fundi Saa akaingia chini ya ngozi upande wa mkia, Mwalimu upande wa kichwa, wakatoka mbio wakinguruma, huyu kama simba, huyu kama birika. Chui mwenye madoa matatu, tumbo la kaki na viatu vinne. Nyani hawakungoja kukagua mshono. Kapu likabaki, na Mama Uzi akakaa chini pwaa, akicheka mpaka machozi.

Hawakuzika kitu.

Ngozi ikapakwa rangi upya, ikarudi ukutani. "Akae nayo kaka," alisema Mwalimu. "Hapana, mdogo wangu ndiye alikuwa kichwa," alisema Fundi Saa. Wakabishana hapohapo, mdomo kwa mdomo, hadi majirani wakachungulia. Mama Uzi akazidi kushona, akiwasikiliza kama redio.

Mgeni wa kwanza alipoketi, Fundi Saa akaanza, "Wale nyani walikuwa ishirini."

"Thelathini," Mwalimu akamsahihisha. "Mama, si walikuwa thelathini?"

Mama Uzi akakata uzi kwa meno.

"Hamsini," akasema, akainuka kwenda kumletea mgeni maji.