Mstari wa Busasamana

Ushirika wa akina mama wanaovusha mboga mpakani kwenda Goma ulikuwa unachagua mwenyekiti. Hapakuwa na karatasi za kura. Kila mwanachama alisimama nyuma ya mgombea wake, kisha vichwa vikahesabiwa. Mjini na Rubona walikuwa wamekwisha kuhesabu, na Saidati alikuwa mbele ya Mukasine kwa watu sitini na watatu. Ilibaki Busasamana, ambako Mukasine alikuwa ameahidi kujenga ghala ili karoti zisioze mvuani.

"Tusubiri," alisema Twahir, mhariri wa redio ndogo ya mjini Gisenyi. "Busasamana bado iko kwa mustari."

Bushira, mtangazaji wake, alikuwa na miezi miwili tu tangu atoke chuoni. "Kaka Twahir, sitini na tatu zitafutwa na nani? Redio ingine itatuwahi."

"Iache iwahi. We soma bei ya viazi."

Alisoma bei ya viazi. Twahir akatoka kupokea simu, na Bushira, akiamini kabisa kwamba anawatendea watu wema, akaongeza: "Wasikilizaji, mwenyekiti mpya ni Saidati."

Alasiri matokeo yakaja. Busasamana: Mukasine arobaini na mmoja, Saidati thelathini na saba. Bushira akashusha pumzi, hakuwa amekosea. Twahir hakumpongeza.

Kesho yake asubuhi Bushira alipanda Busasamana kumhoji aliyeshindwa. Alimkuta Mukasine akiosha karoti kwenye beseni.

"Ni we mutoto wa redio?"

"Ndiyo, mama."

"Bon. Kaa. Musimamizi wa kuhesabu alikwama kwa matope, tukamungoja kwa mustari. Wangu ulifika mpaka kwa ukuta wa kanisa. Mara simu ya mutu ikaimba sauti yako: Saidati amepita. Wakasema, donc, sasa tunasimama ya nini? Wakabeba vikapu vyao, wakakimbilia mpaka wa Goma. Musimamizi anafika, mustari umebaki mukia."

Bushira alisogeza kinasa sauti. "Walioondoka walikuwa wangapi, mama?"

"Nani aliwahesabu? Ulikuwa murefu, basi." Mukasine alikung'uta maji mikononi. "Saidati naye alinipigia simu. Anasema watu wanamupongeza, yeye anashindwa kula. Ananiuliza, 'Dada, nilikushinda kweli?' Nikamwambia, uliza redio."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe, binti. Lakini miye nikikusamehe, Saidati atajua kama alinishinda?"

 Bushira alizima kinasa sauti, akamsaidia kuosha karoti zilizobaki, kisha akashuka mjini.

Twahir alimpa dakika mbili kabla ya taarifa ya saa saba. Bushira aliandika kosa lake kwa mkono, polepole: alitangaza wakati watu bado wamesimama. Alipofika mahali pa kutaja idadi ya walioondoka, kalamu ikasimama. Hewani alisema, "Hatujui, na hatutajua."