Mzee Amekohoa

Bomba la mtaa ule lilikuwa na jina. Lilifukiwa ardhini enzi hizo, na kila asubuhi, kabla ya kutoa maji, lilitoa hewa kwanza: koh, koh, kooh. Watu wakaliita Mzee. Likianza tu, sauti zilipokezana nyumba kwa nyumba, "Mzee amekohoa," na wanawake wakatoka na ndoo, macho yana matongo, umbeya ukatangulia maji. Maji yalikuwa haba, ndiyo, lakini raha ilikuwapo jamani. Nani siku hizi anajua jirani yake kaamkaje?

Fundi cherehani aliolewa mtaani hapo akiwa msichana mbichi. Asubuhi yake ya kwanza aliposikia kelele zile alitoka mbio na ndoo, kiatu mguu mmoja, akawa wa kwanza foleni. Mumewe, dereva wa lori, alicheka hadi akakaa chini. Tangu siku hiyo akamwita Mama Ndoo. Watu wengine wote walimwita Fundi.

Sasa yule dereva kazeeka na kumbukumbu zimemtoroka. Yeye hawatambui wanawe. Humkaribisha mkewe kiti kama mgeni. Lakini Mzee akikohoa, huinuka, akashika ndoo, akaita, "Mama Ndoo, Mzee amekohoa. Utachelewa." Basi mara moja kwa siku Fundi anakuwa mke wa mtu.

Ndipo wakaja wachimbaji wa bomba jipya. Mtaro ukapita mlangoni, watu wakaingia makwao juu ya ubao kama kuku wanaopanda bandani, na vumbi likaingia hadi kwenye chumvi. Wakazi wakachoka, wakamwita msimamizi wa kazi. Mwenye duka akasema wateja wanamwangalia kutoka ng'ambo ya mtaro. Fundi akasema, "Mimi gauni la bibi harusi nimelifua kabla halijavaliwa."

"Vumilieni, wazazi wangu," akasema msimamizi. "Baada ya dhiki faraja."

"Faraja bado, ila dhiki umeshaniachia mlangoni," akajibu Fundi, na watu wakacheka. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na lile bomba la zamani?"

"Tunalikata, mama. Hili jipya halina kelele. Hata hutajua maji yamefika saa ngapi."

Watu wakapiga makofi. Fundi hakupiga.

"Si mliache tu?"

"Bomba bovu la nini, mama?"

Angesemaje mbele za watu kwamba bila lile bomba hana mume? Akarudi ndani.

Maji mapya yakaja kimya, mazuri, tele. Dereva akakaa kitandani anatazama ukuta. Ikabidi mkewe amwambie kwa kinywa chake, "Mzee amekohoa."

"Mzee gani, dada?" akauliza kwa adabu.

Fundi akaenda uani, akafungua bomba, akalia maji yakimwagika. Asubuhi iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na nyingine baada yake. Alimkumbuka yule kijana wa lori aliyekaa chini kwa kicheko, akaona wamemkata naye pamoja na bomba.

Wachimbaji wakarudi kufukia mtaro. Asubuhi moja walipomwaga kifusi, vumbi likaruka ukuta na kumkuta Fundi uani anasuuza sufuria. Likampalia. Akainama, akakohoa: koh, koh, kooh, machozi yakamtoka.

Ndani, ndoo ikagonga sakafu.

"Mama Ndoo," ikaita sauti ya mumewe. "Mzee amekohoa. Utachelewa."

Fundi akajifuta uso kwa mikono yenye povu. "Nakuja, baba," akasema, akakimbia kama zamani.

Leo barabara ina lami na vumbi limekwisha. Mtaa mzima umesahau malalamiko, kasoro jirani wa ukuta mmoja, ambaye halali vizuri.

"Fundi, shoga yangu, hicho kikohozi cha asubuhi hakikuachi. Nenda hospitali."

"Nimeshakizoea," anajibu Fundi.

Na kukipambazuka anafunga mlango wa uani, anasimama karibu na dirisha la chumbani, anavuta pumzi, anakohoa, kisha anasubiri kuitwa.