Kamoto Chini ya Lori

Yahaya, dereva wa lori la petroli, alikuwa kwenye foleni ya mpakani Tunduma, akinywa chai ya Nesta, mama muuza chai wa Kinamwanga.

"Baba, kuna kamoto kwenye tairi lako," Nesta alisema taratibu.

Yahaya akatabasamu. Mama huyu kila kitu kwake kilikuwa kadogo: kachai, kamvua, kasafari. Mara akanusa mpira unaoungua.

Akatupa kikombe, akanyakua mtungi wa kuzimia moto, akapuliza mpaka mikono ikafa ganzi. Moto ulizimika ukiwa umebakiza shubiri tu kulifikia tangi.

"Mama, siku nyingine sema moto," alisema.

"Ningesema moto," Nesta akajibu, "foleni nzima ingekimbia, nawe ungekuwa wa kwanza."

Yahaya akaokota kikombe, akaomba kachai.