Maandalizi ya Kinyozi

Kinyozi wa mtaa wetu alijiandikisha kwenye mbio zake za kwanza za baiskeli, akaanza maandalizi papo hapo: alinunua miwani. Kisha akanunua kaptula ya kubana, na kitambi kikapata pa kujionyesha. Mazoezi yenyewe aliyaheshimu mno, hata hakuyasogelea.

Siku moja mkewe alimkuta kazini, mguu juu ya kiti cha wateja, akijinyoa vigimbi kwa mashine.

"Baba watoto, kulikoni?"

"Mabingwa wote hunyoa, mama. Upepo unapita bila kukwama."

"Haya, upepo tumeushinda. Na mlima je?"

Kinyozi akapandwa na hasira, akachukua baiskeli na kwenda kuutia adabu mlima wa nyuma ya soko. Katikati pumzi zilimkatika, akashuka na kuanza kusukuma. Mkewe, aliyemfuata kwa miguu na chupa ya maji, alimfikia bila hata tone la jasho.

"Pole, bingwa. Kesho tunarudi."

Walirudi kesho yake, na siku nyingi baadaye. Kwenye mbio alimaliza wa mwisho, ila juu ya baiskeli, akichekelea kuliko mshindi.