Aliyekana Taa Nyekundu

Jamani, tangu lini mtu akakana taa nyekundu? Mahakama ya jiji ina dirisha moja la kulipia faini za barabarani, na wote huishia hapo. Unasogea, unatoa karatasi yako, unasema "nimekosa" kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani, unalipa, unakwenda zako. Papo hapo keshia anaifuta picha ya gari lako kwenye mashine, yameisha. Lakini yule fundi cherehani, mtu mzima na akili zake timamu, aliinama dirishani akasema, "Mimi nakana."

Keshia alimtazama juu ya miwani. "Gari ni lako hili?"

"Langu."

"Na taa hii ni nyekundu?"

"Nyekundu kabisa."

"Sasa unakana nini, mama yangu?"

Mdogo wake, makanika ambaye mtaa mzima unamwita Spana, alimvuta mkono. "Dada, lipa tuondoke. Ukikana unapelekwa kwa hakimu, na ukishindwa faini ni mara mbili. Hela ya kuchezea tunayo sisi?"

"Liwalo na liwe," alisema fundi.

Spana akamwachia mkono. Dada yake huyu si mtu wa kubishana na serikali. Ni mtu ambaye akikanyagwa mguu, yeye ndiye anayeomba radhi.

Ukweli ni huu. Alfajiri ile alikuwa akimkimbiza mama yao hospitali. Mama alikaa kiti cha mbele, amejifunika shuka, pumzi zikija na kwenda. Njia nzima fundi alimsemesha: vumilia mama, tunafika, nitakushonea lile gauni la bluu, nisamehe kwa kukuchelewesha. Mama hakujibu neno. Naye fundi hakugeuka kumtazama, macho yote yalikuwa barabarani. Walipofika getini, nesi aligusa shingo ya mama, akasema pole. Tangu siku hiyo swali moja lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki: maneno yote yale alikuwa akimwambia nani? Mama, au maiti?

Ndipo ikaja karatasi ya faini. Kamera ya kwenye taa ilikuwa imempiga picha kutoka mbele, na kwenye kona ya karatasi palikuwa na kipicha kidogo kama stempu. Ndani ya kioo zilionekana nyuso mbili, yake na nyingine iliyoegemea kiti. Zaidi ya hapo ni ukungu mtupu. Aliuliza kama anaweza kuiona kubwa, akaambiwa picha kubwa hufunguliwa kwa wanaokana tu, ukutani, mbele ya hakimu.

"Haya, kaa pale, utaitwa," keshia alisema, akatikisa kichwa.

Ukumbi ule una namna yake ya kumchukua mtu. Feni lilizunguka polepole, mwanga wa madirisha ya juu umelala sakafuni, watu wanasinzia na karatasi zao mapajani. Jina linaitwa, kwa mbali, mtu anainuka, anayeyuka mlangoni. Fundi hakujua kama amelala au yu macho. Alimwona mama benchi la mbele, kisogo tu, mtandio umeteleza bega moja kama kawaida yake. Akataka kumwambia, mama, hebu geuka.

"Dada," Spana alimgusa. "Wanakuita wewe."

Benchi la mbele lilikuwa tupu.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye mafua. Alipiga chafya, akaomba radhi, akamwashiria karani. Karani akafunga mapazia, akabonyeza swichi, na ukuta mzima ukawa alfajiri.

Gari lilikuwa kubwa kama nyumba. Wekundu wa taa ulikuwa umemwagika juu ya boneti. Fundi alijiona mwenyewe, mdomo wazi, katikati ya neno. Na pembeni yake, mama.

Mama hakuwa amelala. Macho yake yalikuwa wazi, na hayakutazama barabara, yalimtazama binti yake. Mkono wake ulikuwa umetoka ndani ya shuka, umeshika pindo la sweta la fundi kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu asiyetaka kumkatiza anayeongea. Na alikuwa akitabasamu. Kutoka kwenye taa ile hadi hospitali ni kona moja tu.

"Anakusikiliza!" Spana alipayuka. "Dada, mama anakusikiliza!"

"Kimya huko," alisema hakimu, lakini bila ukali. "Mshtakiwa, naona ulikuwa na mtu garini. Anaweza kuja kukutolea ushahidi?"

"Hawezi, mheshimiwa. Alifariki asubuhi ileile."

Hakimu aliitazama tena picha ukutani. "Bado unakana?"

"Hapana, mheshimiwa. Nakubali. Taa niliiona, nikapita." Fundi alikuwa akilia waziwazi, wala hakujifuta. Furaha gani hii inayouma hivi! "Nitalipa mara mbili, nitalipa leo hii. Ila nawaomba, msiizime kwanza."

Kidole cha karani kilikuwa tayari juu ya swichi. Alimtazama hakimu. Hakimu akaweka kalamu chini, na wote mle ndani wakakaa gizani, wakimwangalia yule mama akimsikiliza mwanawe.