Spika ya Mubaraka

“Inakoroma,” Mubaraka alisema, sikio lake likiwa juu ya kisanduku. “Daktari, mashine ni mzima. Spika tu ndiyo imepasuka.”

Daktari Neha alikaa ukingoni mwa kitanda cha wodi, uso umemshuka. Kisanduku kile alikiazima mbali, kikafika Mbale kimerushwarushwa njia nzima, na kesho asubuhi ndipo kingetumika. Kingetumika kwa mgonjwa huyu huyu aliyekikumbatia kama mtoto mwenye homa.

Mubaraka alikuwa fundi redio wa Bugembe, kitongoji cha Jinja. Ujana wake aliumalizia katika karakana ya jeshi kule Jinja, akitengeneza redio za mawasiliano, na huko ndiko alikookota Kiswahili chake. Daktari Neha, mtoto wa Jinja pia, alikuwa na Kiswahili cha dukani kwa baba yake. Wakaelewana vizuri.

Miaka miwili nyuma Mubaraka alikatwa saratani ya utumbo mpana, akapona, akarudi kwenye kibanda chake cha ufundi na kitambi juu. Sasa vipimo vya damu vilidai ugonjwa umerudi, ila picha hazikuonyesha umejificha wapi. Ndipo Daktari Neha alipomchoma sindano ya kingamwili zilizobebeshwa mionzi kidogo. Zingezunguka mwilini, na pale zitakapoikuta saratani zingeing'ang'ania. Walikuwa wamengoja wiki tatu ili zile zilizokosa pa kushika zitoke. Kilichobaki ni kupasua tumbo na kupitisha ndani kidude mfano wa kalamu nene, kilichoungwa kwa waya na kisanduku. Mahali zilipojikusanya, kisanduku kingelia.

“Ikilia mahali pamoja nakata, unarudi Bugembe,” Daktari Neha alikuwa amemwambia bila kumficha. “Ikilia kila mahali, nafunga. Sina kisu cha kila mahali, mzee.”

Mke wa Mubaraka, Kagoya, hakuwapo waliposema hayo. Alikuwa bombani akifua.

“Basi muuguzi wangu, Sista Ritah, atanisomea namba kwenye kioo chake,” daktari alisema sasa, akinyoosha mkono achukue kisanduku chake.

“Ngoja kwanza.” Mubaraka alikwisha kutoa bisibisi chini ya mto. Mtu anakuja kupasuliwa, anakuja na bisibisi! Akafungua redio ndogo ambayo Kagoya alimletea asikilizie mpira, akaing'oa spika, akazisokota nyaya na kuzifunga kwa plasta ya vidonda. Kwa nusu saa ile hakuwa mgonjwa.

“Hii kitufe ya sauti imeoza,” alisema. “Nimeiruka na waya. Sasa itasema kwa nguvu mpaka mwisho.”

Daktari Neha alijaribu. Mlio ukatoka safi, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakapiga makofi, na Kagoya aliyerudi na ndoo akaambiwa mumewe ametengeneza mashine ya hospitali. Alifurahi mpaka akaisahau ile redio iliyobaki tupu.

Asubuhi hawakumlaza usingizi. Kifua kikuu cha zamani kilikuwa kimeyala mapafu yake, kwa hiyo wakamchoma sindano ya mgongo, nusu ya chini ya mwili ikafa ganzi. Wakatundika pazia la kijani mbele ya uso wake. Aliusikia mvuto wa mikono tumboni, lakini maumivu hayakuwapo.

Kisha akaisikia spika yake.

Tik. Tik. Ilipiga polepole, kama kuku anayedonoa bati. Kidude kikateremka kuelekea nyonga, spika ikaanza kuharakisha, mara ikawa filimbi moja ndefu.

“Hapa,” alisema Daktari Neha.

Mkasi ukafanya kazi yake. Kidude kikarudishwa palepale, na safari hii ikawa tik, tik, ya kuku yule yule. Mubaraka alifumba macho akamshukuru Mungu. Mahali pamoja! Aliona kibanda chake, na rundo la redio za watu zikimsubiri.

“Tuangalie na juu,” daktari alisema.

Filimbi. Ikanyamaza, ikalia tena mbele kidogo. Kando ya uti wa mgongo ililia. Kwenye ini ililia, kidude kikahamishwa upande wa pili, ikalia. Mubaraka alijua kutafuta hitilafu kwa sikio. Ndiyo kazi iliyomlisha miaka thelathini. Hitilafu ya kutengenezeka hukaa mahali pake. Redio iliyoingia maji hulalamika kila unapoigusa, na hiyo fundi humrudishia mwenyewe bila kuitengeneza.

“Sista Ritah, punguza sauti,” daktari alisema kwa sauti ndogo.

Ritah akazungusha kitufe. Filimbi ikaendelea. Akazungusha tena mpaka mwisho, huku akilitazama pazia.

“Nimeiruka hiyo, Sista,” Mubaraka alisema kutoka upande wake. “Haipungui.”

Mganga hajigangi, walisema wahenga, lakini hawakusema afanye nini akiwa amelala anasikiliza. Alitaka kuinua mkono azibe masikio. Mkono mmoja ulikuwa na dripu, mwingine umefungwa kwenye ubao.

“Zima,” alisema daktari hatimaye. “Tunafunga.”

Mchana, wodini, Kagoya alimkamata Ritah mlangoni. “Sista, ile mashine yake ilifanya kazi?”

“Ilifanya vizuri sana, mama. Daktari atakuja jioni azungumze na nyinyi wawili.”

Kagoya alisikia nusu ya kwanza tu. Alikwisha kupiga simu Bugembe, akiwapigia kelele majirani kwamba mashine imeuona ugonjwa, na aliyeitengeneza ni nani kama si mume wake! Mubaraka alifungua mdomo amwambie, akayaona meno ya furaha ambayo hakuwa ameyaona tangu mwaka jana, akaufumba.

“Bogere anakutaka,” Kagoya alisema, akambandika simu sikioni. Bogere alikuwa jirani yake wa kibanda, muuza vipuri vya baiskeli.

“Fundi! Pole, na hongera! Watu wanaleta redio zao hapa, wanauliza unarudi lini. Nizipokee?”

Kagoya alikuwa amekwenda mwisho wa kitanda. Aliifunua shuka, akaanza kuikanda miguu ya mumewe kwa viganja viwili, polepole, akitabasamu.

“Fundi? Nizipokee?”

“Pokea,” Mubaraka alisema.

Aliitazama mikono ile ikipanda na kushuka juu ya nyayo zake, ambazo ganzi ilikuwa haijazitoka. Hakuisikia.