Bangili za Marehemu Mama

Mume alikuwa karani wa duka la kubadilisha fedha, na dola aliiamini kuliko ndugu zake. Alimkalia mkewe kooni mpaka akauza bangili sita za dhahabu alizoachiwa na marehemu mama yake, akanunua dola.

"Dhahabu ni pambo tu," alimwambia. "Dola ndiyo inayopanda."

Mwaka haukuisha, dola ikashuka na dhahabu ikapaa. Mke akazipeleka dola zote kwa sonara, zikatosha bangili nne tu. Alirudi amezivaa, macho mekundu.

"Ungesubiri!" mume akafoka. "Dola itapanda tena."

"Ikipanda, kalale nayo."

Akamtupia mto wake sebuleni, akafunga chumba kwa ufunguo. Mume aligonga mpaka akachoka, hakufunguliwa.